Mistari ya Shakespeare: sauti inafia mwishoni

Wadau, naandaa hotuba ya mhusika wa tamthilia ya Shakespeare, niiigize jukwaani kwa Kiingereza. Kila mstari sauti inazama mwishoni. Nakosea wapi?

Jibu: Mstari wake wa kawaida una mizani (silabi) 10, mkazo kwenye ya 2, 4, 6, 8 na 10. Neno zito mara nyingi ndilo la mwisho. Ukishusha sauti pale, maana inapotea. Fanya mazoezi ukitembea, geuka kila penye alama ya uakifishaji (mkato, nukta n.k.): mwili utakuonyesha wazo linapogeuka. Pumzi vuta mwisho wa mstari, si katikati.

Jibu: Ukihesabu mizani 11 usishtuke, ya mwisho haina mkazo. Lakini usiimeze!

Jibu: Kama utavaa koseti (vazi la kubana kiuno) jukwaani, ivae mazoezini mapema. Inabana tumbo, hivyo pumzi lazima ipanue mbavu za pembeni na mgongoni.