Hilux 3L: moshi mweupe asubuhi, sailensa inacheza

Mlima_Kabale
Wakuu habari. Hilux ya 1997, injini 3L ya dizeli, bado ina pampu ya nozeli (inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli) ya zamani isiyo na kompyuta. Ikilala usiku, asubuhi stata inazunguka sekunde 10 hadi 15 ndipo iwake. Ikiwaka inatetemeka na kutoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, kama dakika mbili. Ikishapata moto moshi unaisha, ila sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka kati ya 550 na 800 kwa dakika. Mchana ukiizima nusu saa inawaka vizuri. Filta ni mpya. Fundi anataka ishushwe pampu ipelekwe Kampala. Nikubali?

Spana17
Pampu isiguswe kwanza. Moshi huo ni dizeli iliyoingia kwenye silinda ikatoka bila kuungua. Asubuhi mara nyingi unaletwa na hita plagi (zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha) zilizokufa au hewa kwenye njia ya mafuta, na kutofautisha ni rahisi.

Kesho kabla ya kugusa ufunguo, bonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, huku ukihesabu. Subiri taa ya hita izime, kisha piga stata. Ikiwaka papo hapo, ujue usiku dizeli ilirudi tanki na hewa ikachukua nafasi yake. Ikiwa ilikuwa ngumu tangu mwanzo na gari bado inasumbua, nenda kwenye hita: fungua ukanda wa chuma unaounganisha plagi nne, funga klipu ya taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, gusisha ncha kwenye kichwa cha kila plagi. Isiyowasha taa imekufa. Usipime ukanda ukiwa bado umefungwa, plagi moja nzima itakudanganya kuwa zote ni nzima. Kwa baridi ya Kabale huko Uganda, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, plagi moja mbovu inatosha kukusumbua.

FundiNozeli
Naongezea. 3L haina pampu ya kusukuma mafuta kutoka tanki, pampu ya nozeli ndiyo inavuta. Ndiyo maana mpira wenye ufa unaweza kuvuta hewa bila kudondosha hata tone, na watu wanatafuta uvujaji chini ya gari siku nzima bure. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani, sentimita 20, kwenye njia inayoingia pampu. Ukiona mapovu injini ikiwa sailensa, umempata mchawi.

Halafu jerikeni safi ya lita 5 yenye dizeli, iwe juu kuliko pampu na mbali na ekzosi. Mpira wa kuingia pampu uvute humo, na wa kurudisha urudi humo humo. Gari ikitulia, pampu yako haina kosa.

Ikiendelea kutetemeka ikiwa moto, legeza nati ya bomba la nozeli moja moja, spana 17, nusu mzunguko tu, ukiwa umeifunika kwa kitambaa. Silinda ambayo haibadilishi mlio ndiyo yenye misi, yaani haiunguzi mafuta vizuri. Vaa miwani, na mkono usikae mbele ya nati: dizeli ya presha hupenya ngozi, na hiyo ni kesi ya hospitali.

Mlima_Kabale
Nimebonyeza mara 27 ndipo ikawa ngumu. Imewaka mara moja, moshi kidogo sana. Mapovu madogo yanapita mfululizo.

Spana17
Basi hewa. Weka huo mpira angavu kabla ya filta. Mapovu yakionekana hapo, tatizo ni mipira na klipu za kuelekea tanki. Yasipoonekana, ni kichwa cha filta: oringi (pete ya mpira ya kuzibia), au diafram (utando wa mpira) ya pampu ya mkono. Paka dizeli kidogo kwenye oringi mpya, isifungwe kavu. Mipira ya kurudisha mafuta badilisha yote, bei yake ni ndogo.

FundiNozeli
Na skrubu ya sailensa usiiguse mpaka mapovu yaishe. Ukiipandisha sasa, ukishaziba hewa gari itabaki inanguruma. Baadaye, injini ikiwa moto na eyasii (kiyoyozi) imezimwa, iweke 700 hadi 800. Ile skrubu iliyofungwa kwa sili ni ya kiasi cha mafuta. Hiyo aishike fundi mwenye mashine ya kupimia pampu.