Kabati la wavu la shosho na droo za mzungu: niuze wapi hapa Nairobi bila kuibiwa?

Njeri_Kinangop

Habari zenu wadau, nisaidieni kabla sijafanya ujinga. Shosho, yaani bibi yetu, alituacha mwaka jana na nyumba yake ya Kinangop inabomolewa mwezi ujao mjomba ajenge ya mawe, kila mtu akaambiwa achukue anachotaka, mimi nikabaki na vitu viwili ambavyo hakuna aliyevitaka juu ni vizito na ati vinanuka uzee. Cha kwanza ni kabati la chakula la zamani, lile la milango ya wavu, miguu mirefu minne na rafu tatu ndani. Cha pili ni kabati la droo, mbili ndogo juu na tatu ndefu chini, hilo wanaume wawili walilitoa mlangoni wakilia. Guka, yaani babu, alikuwa mpishi wa mzungu huko, na mzungu alipohama miaka ya sitini mashamba yakigawanywa akamwachia vyote viwili. Hiyo ndiyo hadithi tumekua nayo.

Sasa viko kwangu Kahawa West na naishi bedsita, mnaelewa. Jumamosi broka akaja, akaangalia sekunde kumi, akasema 3,500 kwa vyote viwili "juu hizi ni kuni mama". Nikakataa. Kabla hajafika geti alikuwa ashapanda hadi 8,000, hapo ndio nikashtuka, kuni gani hupanda bei hivyo kwa dakika tano? Fundi wa hapa mtaani naye ananiambia nipige msasa yote nipake rangi nyeupe ile iko kwa fasheni nitauza haraka. Mnasemaje? Nitajuaje kama ni ya kale ukweli, na watu wa kununua hivi vitu wako wapi hata? Picha nimeweka mbili, samahani kwa giza, stima imepotea tangu asubuhi.

kijana_wa_roho_safi

Chukua hiyo 8,000 ununue meko ya gesi 😂

fundi_ngong_road

USIPAKE RANGI. Naandika kwa herufi kubwa juu nimefanya fanicha hapa Ngong Road karibu na Racecourse miaka 19, na kuna vitu nilipaka rangi hadi leo nikikumbuka nashika kichwa. Kuna mama aliniletea kabati la vyombo la babake, mvule safi, akataka ling'ae kama jipya, na mimi nani nikatae kazi? Nikapiga mashine ya msasa nusu siku. Wiki hiyo hiyo mnunuzi aliyekuwa ameliona kabla akarudi na pesa mfukoni, akalizunguka mara mbili, akapitisha kidole sehemu yake ya juu, akaniuliza "ile ya zamani iko wapi?" Nikamwambia ndiyo hii. Akaenda zake. Ile rangi ya asali iliyoiva ilikuwa imejikalia hapo miaka hamsini, sitini, na mimi niliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hiyo ndiyo alikuwa analipia, si mbao. Mbao anaweza kununua Gikomba.

Sasa Njeri, fanya hivi. Toa droo ya chini kabisa, ile ndefu, uipindue uweke kwa kitanda. Watu wote wanaangalia uso wa kabati, na uso ndio unadanganya. Chini ya droo hakuna mtu alijisumbua kudanganya. Angalia pembe ambapo mbele inashikana na ubavu, kama kuna meno yameingiana hesabu na upime kwa jicho, yakiwa hayalingani, moja nono moja jembamba, huyo alikata kwa mkono na msumeno mdogo. Yakiwa yote sawa kama yametoka kwa photocopy hiyo ni mashine. Kisha sakafu ya droo, je ni ubao ama plaiwudi? Ubao wa kweli miaka ikienda hunywea, utaona umeacha mwanya upande mmoja ama umepasuka katikati, usiogope huo mpasuko, huo ni cheti cha kuzaliwa. Halafu pitisha mkono kwa ile kingo ya chini ya ubavu inayoteleza kila siku. Ikiwa imelika mpaka imebonyea, hiyo haikufanywa jana.

Skrubu pia. Za bapa, mfereji mmoja, ni dalili nzuri. Za nyota zilianza kuenea miaka ya 1930 huko Marekani na huku zikafika baadaye, ukizipata inaweza tu kuwa mtu alikarabati bawaba, kwa hivyo moja isikuvunje moyo, angalia kama zote ni za nyota na mashimo hayana la zamani kando yake.

Na unuse. Sifanyi mzaha. Ikiwa ni mutarakwa, yaani ile sida yetu ya kutengeneza penseli, ndani ya droo itanuka penseli hadi leo. Muthaiti nao una harufu yake ya dawa hivi. Ikinuka rangi ya viatu, mtu ameizeesha. Hapa kwetu kuna vijana wanapiga meza mpya na cheni, wanapaka majani ya chai na kiwi nyeusi, wanaiita antiki, na wanauza vizuri tu 😅 siwataji, tunakula nao chapo.

Wambo_vitu_vya_kale

Fundi amemaliza upande wa droo, mimi niongee juu ya lile la wavu ambalo nadhani wengi hapa wanalidharau. Mimi hununua na kuuza hivi vitu kama kazi ya pili miaka saba sasa.

Kabati la wavu lilikuwa friji kabla ya friji. Wavu upitishe hewa na uzuie nzi, na miguu ilikuwa mirefu kwa sababu kila mguu ulisimamishwa ndani ya kopo la maji, wengine wanatia na mafuta taa kidogo juu, ili siafu na sisimizi wasipande kufikia nyama na maziwa. Kwa hivyo Njeri achana na milango, piga magoti uangalie miguu. Kama kweli lilitumika utaona mstari mweusi umezunguka mguu kama sentimita tano hadi kumi kutoka chini, na chini ya huo mstari mbao imekuwa laini laini ama imebadilika rangi, kwingine kuna kutu ya kopo imejichora. Huyo wa cheni na kiwi bado hajafikiria kuigiza hiyo. Mimi hiyo mistari sijawahi kuisugua na wateja wangu huipiga picha kwanza kabla hata ya kufungua mlango.

Wavu ukiwa umetoboka usiweke mpya wa plastiki wa dirisha, tafadhali. Uache na shimo lake.

Kununua: wananunua watu wa hoteli ndogo na nyumba za wageni za Naivasha na Nanyuki, watu wa Karen na Runda wenye jikoni kubwa, wageni wa UN na balozi kule Gigiri (lakini hao wakihama ndio wanauza, usisahau, ukiwa na subira unanunua kwao Juni na kuuza Septemba), na watu wa kutengeneza filamu na matangazo, hao hukodi tu na mara nyingi hulipa vizuri kuliko kuuza. Mwaka jana niliuza moja la wavu 28,000 baada ya kukaa nalo miezi mitano sebuleni, mke wangu akilia ati tunaishi stoo. Lingine lenye hali nzuri zaidi likatoka 15,000 juu nilikuwa na karo. Kwa hivyo usiniulize bei ya soko, bei ni nani ana haraka. Broka wako alijua wewe ndiye mwenye haraka kwa sababu alikuta umepita nalo mlangoni kwa shida na unalala kando yake.

Ukiposti mtandaoni usiandike "antiki" peke yake, kila mtu anaandika hivyo hata kwa kiti cha plastiki. Andika vipimo, andika limetoka Kinangop, andika hadithi ya guka kwa mistari miwili na usiongeze chumvi, piga picha mchana mlango ukiwa wazi, moja ya droo iliyopinduliwa, moja ya kasoro kubwa zaidi. Ukionyesha kasoro mwenyewe mnunuzi anakosa cha kukupunguzia nacho.

mzee_wa_stesheni

Binti, angalia nyuma na chini kama kuna herufi zimechomwa ama kupigwa muhuri. Nilifanya reli na huwa naziona sana kwa viti na makabati ya ofisi. K.U.R. & H. ni reli ya Kenya na Uganda, hiyo ni kabla ya 1948, baada ya hapo wakaungana na Tanganyika ikawa E.A.R. & H. P.W.D. ni idara ya ujenzi ya serikali ya mkoloni. Kitu chenye muhuri kinajisemea chenyewe mwaka wake karibu karibu. Lakini mnunuzi mwenye akili atakuuliza kilitokaje kwa serikali, uwe na jibu 😀

Na ukipata gazeti limetandikwa ndani ya droo usilitupe, ila lisikudanganye pia. Linakuambia siku droo ilitandikwa, haliwezi kukuambia siku fundi alipoitengeneza.

BiMwana_Lamu

Asalaam aleikum nyote. Mimi ni mtu wa Lamu lakini niko South B miaka mingi, na naona huko juu hamkugusa jambo moja. Kwetu watu wamemaliza kuuza makasha ya misumari ya shaba, viti vya enzi, mpaka milango, kwa bei ya kilo mbili za kamba wa baharini, kisha vitu vinaonekana nje vimewekwa kwa kioo. Kuna sheria, ya makumbusho na urithi ya 2006. Kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale kisheria na huwezi kukisafirisha nje bila kibali. Na mlango ama fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 ni kitu cha kulindwa. Ukiwa na shaka peleka picha Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill kabla mnunuzi wa kigeni hajakuahidi dola.

Lako Njeri mwanangu halitafika huko, wazungu wa mashamba ya bara walianza kuja reli ikishapita, na reli ilifika Nairobi 1899. Lakini nimesema kwa ajili ya wengine wanaosoma hapa kimya kimya na kasha la bibi liko uvunguni.

kijana_wa_roho_safi

Bi Mwana umeniangalia mimi ama 😭 liko lakini limejaa nguo za mitumba

BiMwana_Lamu

Toa nguo, angalia kama lina kijisanduku cha siri pembeni chini ya kile kisanduku kidogo cha ndani. Bibi zetu walificha dhahabu hapo. Kisha urudi utuambie.

Njeri_Kinangop

Wueh. Nimerudi. Stima imerudi pia.

Nimepindua droo. Meno yako sita kila pembe na hayafanani hata kidogo, moja limekatwa likapitiliza kuna alama ya msumeno imebaki. Sakafu ni mbao mbili na katikati kuna mwanya naweza kupitisha shilingi. Nimenusa ndani kama mwendawazimu, ni penseli kabisa!! Hakuna muhuri wa reli mzee, pole. Gazeti lipo lakini panya walikula juu, hakuna tarehe, nimebaki na nusu ya tangazo la sabuni.

Lile la wavu sasa. Miguu mitatu ina huo mstari mweusi. Wa nne hauna, ni mbao tofauti, nadhani uliwekwa baadaye. Nikampigia mamangu kumuuliza akacheka sana, akasema yalikuwa makopo ya mafuta ya kupikia ya Kimbo, na kazi yake akiwa mdogo ilikuwa kuongeza maji kila asubuhi kabla ya shule, na siku aliyosahau siafu walimaliza nyama ya Krismasi yote, akapigwa. Mguu wa nne guka aliutengeneza mwenyewe baada ya ng'ombe kuingia jikoni. Hii yote sikuwahi kuambiwa. Sasa ananiambia hilo la wavu nisiuze, eti atalichukua, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusema linanuka 🙄

Kwa hivyo nauza la droo tu. Swali dogo: nyuma kwa chini kuna vitobo vidogo kama vya pini, kama ishirini hivi. Ni mbaya?

fundi_ngong_road

Bungua hao, wadudu wa kula mbao. Weka karatasi nyeusi chini usiku, ugonge gonge ubao na ngumi, asubuhi ukikuta unga mpya mweupe mweupe bado wanakula, ukikosa kwa siku kadhaa huenda walishahama zamani. Wakiwa hai nunua dawa ya mbao ya maji, ingiza kwa vitobo na sindano, kisha funga kabati lote kwa nailoni wiki mbili. Usilalie chumba hicho. Na mwambie mnunuzi.

Kusafisha ni kitambaa chenye unyevu kidogo, ukaushe, kisha nta ya nyuki iliyoyeyushwa na tapentaini, jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Droo zikikwama sugua mshumaa kwa hizo kingo. Basi. Nikisikia umenunua msasa nitakuja Kahawa West.

Wambo_vitu_vya_kale

Mbao ya penseli, meno ya mkono, na mwenye hadithi yuko hai wa kuisimulia? Broka asirudi kwako. Anza 45,000 usishuke chini ya 30,000 mwezi wa kwanza. Na huo mguu wa guka kwa lile la wavu, mama akibadilisha mawazo niite mimi kabla ya mtu yeyote, ng'ombe na yote.

Njeri_Kinangop

Asanteni sana jamani, mmeniokoa. Mama anataka kabati lake Njabini kabla ya Jumapili. Nani ana pikapu, na mablanketi ya kufunga? Mafuta nitaweka mimi, na tunabeba kwa mikono, hakuna kuburuta.