Baba ana uvimbe wa sentimita 3.4 kwenye figo: achukuliwe kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano kikapimwe (biopsi) kwanza, au apasuliwe moja kwa moja?

Binti Mkubwa

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naomba mnisaidie kufikiri, maana nyumbani tumegawanyika.

Baba ana miaka 66. Alipigwa ultrasaundi kwa maumivu ya chini ya mbavu za kulia, walidhani ni mawe ya nyongo. Nyongo ikakutwa salama, lakini figo ya kushoto ikakutwa na uvimbe. Akapigwa picha ya CT ya kuchomwa dawa mshipani. Ripoti inasema uvimbe una sentimita 3.4, ni nyama na si maji, unanyonya ile dawa, na ndani hauna mafuta. Mapafu, ini na tezi za tumboni ni safi. Hakojoi damu, hajakonda, anakula na kutembea kama kawaida yake. Hili ndilo linalotuchanganya zaidi, kwamba mtu hana hata dalili moja halafu tunaambiwa huenda ni kansa.

Tatizo ana kisukari cha miaka mingi na presha. Kipimo cha figo kinaonyesha kiwango cha kuchuja ni 52, na tumeambiwa kikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu na zaidi, figo zimeshaanza kuchoka.

Daktari wa kwanza anataka kupasua, atoe uvimbe na kubakiza figo ikiwezekana, na anasema biopsi haina haja. Wa pili anasema kwa hali ya mzee lazima ichukuliwe biopsi kwanza tujue tunapambana na nini. Kaka yangu anataka baba apasuliwe wiki ijayo. Shangazi kaapa hakuna sindano itakayogusa uvimbe, eti ukichokozwa unasambaa. Mama analia tu.

Baba mwenyewe kauliza neno moja: "Wakiikata ikaonekana haikuwa kansa, nani atanirudishia figo yangu?" Hakuna aliyemjibu. Mimi ndiye ninayempeleka hospitali na kusaini karatasi, nataka nimjibu.

Fundi Seremala

Marahaba mwanangu. Pole sana, na umfikishie mzee salamu zangu.

Mimi nilipasuliwa bila biopsi na ningefanya vilevile leo, ila hali yangu haikuwa ya baba yako. Uvimbe wangu ulikuwa wa sentimita 6, nilikuwa bado sijafika miaka 50, figo ya pili nzima kabisa, sina kisukari. Niliuliza kuhusu sindano, daktari akaniambia hivi: "Majibu yakija kansa, nitakupasua. Yakija hayajaeleweka, kwa ukubwa huu nitakupasua pia. Sasa tukuchome ya nini?" Nikaona ana hoja. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: waulize madaktari wote wawili, majibu ya biopsi yatabadilisha nini kwa baba? Anayeweza kukueleza yatabadilisha nini, msikilize kwa makini.

Kuhusu upasuaji wenyewe nikueleze usije ukashtuka ukimwona. Walinifanyia kwa matundu madogo tumboni, chini ya nusukaputi. Wanabana mshipa unaopeleka damu kwenye figo, wanakata uvimbe na ukingo kidogo wa nyama nzima, wanashona, wanaachia mshipa. Hapo kwenye kubana ndipo penye haraka, kwa sababu figo haivumilii kukaa muda mrefu bila damu. Wanajitahidi isizidi nusu saa. Nilizinduka nikiwa na mpira wa mkojo na mrija mwingine ubavuni unaotoa majimaji. Kilichonitesa kuliko tumbo ni bega! Ile gesi wanayojaza tumboni ili waone vizuri inaleta maumivu mpaka begani, na hakuna aliyeniambia mapema. Ukikohoa unakumbatia mto tumboni, unabana. Muuguzi alininyanyua nitembee kesho yake asubuhi na nilimkasirikia, lakini kutembea ndiko kulikonisaidia.

Maabara waliochunguza uvimbe wakasema ni kansa ya seli angavu, ambayo ndiyo ya kawaida kuliko zote kwenye figo, na kingo zilikuwa safi. Sikupewa dawa zaidi, napigwa picha tu kila wanaponiita.

Mama Mapacha

Dada, swali la baba yako ndilo lililonifanya mimi nikubali sindano.

Wangu ulikuwa sentimita 2.6. Nililazwa kifudifudi kwenye mashine ya CT, nikapigwa ganzi mgongoni, halafu wanakwambia vuta pumzi, ishike, usitikisike. Sindano inapokata kinyama inalia "tak!" kama ile mashine ya kubania karatasi. Huo mlio ndio uliniogopesha, maumivu yalikuwa ya kubanwa tu. Walichukua vipande kadhaa, lakini vyote vilipitia ndani ya sindano moja ya nje iliyobaki imesimama palepale, hawakunitoboa upya kila mara. Baada ya hapo unalala chali masaa kadhaa, wanapima presha na kuangalia rangi ya mkojo. Wangu ulikuwa na wekundu kidogo ukaisha.

Sasa sikiliza hapa, maana wengi hawaambiwi. Majibu yangu ya kwanza yalisema "sampuli haitoshelezi". Ndugu zangu wakashangilia kuwa hakuna kansa. Hapana! Daktari alinikalisha chini akanieleza kuwa hiyo ina maana hawajapata jibu, si kwamba jibu ni zuri. Ikabidi kurudia. Mara ya pili ikatoka onkositoma, uvimbe usio kansa. Hata hapo hawakuniacha huru moja kwa moja, kwa sababu chini ya darubini onkositoma inafanana sana na aina moja ya kansa ya figo iendayo polepole. Kwa hiyo naendelea kupigwa picha, na figo yangu ninayo.

Nisikudanganye, kuishi ukijua kitu kiko ndani kuna usiku unakosa usingizi. Mwambieni baba hilo pia.

Muuguzi wa Zamu

Nafanya kazi wodi ya upasuaji wa figo na njia ya mkojo. Sijaona picha za mzee, kwa hiyo haya si maamuzi, ni ya kwenda nayo kwa daktari.

La shangazi kwanza, kwa heshima. Hofu yake ina asili, ila kwa uvimbe wa kwenye nyama ya figo, kansa kusambaa kwenye njia ya sindano ni jambo la nadra sana, na ile sindano ya nje aliyoieleza Mama Mapacha inasaidia kuzuia hilo. Tunachokiangalia zaidi ni damu kuvuja. Pale ambapo kweli tunakwepa kuchoma kupitia ngozi ni uvimbe unapoonekana umeanzia kwenye mfereji wa mkojo ndani ya figo. Hiyo ni kansa ya aina nyingine, inachunguzwa kwa kamera inayopita njia ya mkojo. Ulizeni wazi: huu wa baba uko kwenye nyama ya figo au kwenye mfereji?

La pili, swali la mzee. Uvimbe wa nyama usiozidi sentimita 4 ukitolewa, takriban mmoja kati ya mitano unakutwa si kansa. Picha ya CT inatambua vizuri uvimbe wenye mafuta, lakini kwa usio na mafuta kama wake haiwezi kutenganisha onkositoma na kansa. Kwa hiyo mzee kauliza swali la kitaalamu kabisa.

La tatu, msidanganyike na maneno ya "figo moja inatosha". Inatosha kwa mwenye figo nzuri. Ronald Herrick alimpa pacha wake figo kule Boston mwaka 1954, akaishi na iliyobaki mpaka 2010. Lakini mtoaji figo anachaguliwa kwa kuwa mzima. Mzee mwenye kisukari, presha na kiwango cha 52 akitolewa figo nzima anaweza kushuka mahali pabaya. Kwake kila kipande cha figo kina thamani, ndiyo maana namwelewa daktari wa pili. Ikiwa si kansa, anaweza kuangaliwa tu. Ikiwa kansa, daktari wa kwanza yuko sahihi kutaka kutoa uvimbe na kubakiza figo, na mnaweza pia kuuliza kuhusu kuuteketeza kwa joto au kuugandisha kwa baridi kupitia sindano, ingawa njia hiyo inafaa zaidi kwa usiozidi sentimita 3.

Na kaka asiwakimbize. Uvimbe wa ukubwa huu mara nyingi hukua milimita chache kwa mwaka. Wiki chache za kutafuta jibu hazimpotezei mzee nafasi yake.

Binti Mkubwa

Mungu awabariki sana. Nimeyasoma yote kwa sauti baba akisikiliza, na leo tumerudi kwa madaktari na swali la Mzee Seremala. Wa kwanza alifungua picha akatuonyesha: uvimbe uko kwenye nyama ya figo, umechomoza nje upande wa chini, mbali na mfereji. Akakiri kwamba ikitoka onkositoma asingempasua mzee mwenye figo hizi. Kaka alikuwepo, akanyamaza, njiani akasema sawa. Baba kaamua biopsi. Ikiwa kansa, anatolewa uvimbe na figo inabaki. Kasema mwenyewe, hatukumsemea.

Swali moja limebaki. Anatumia aspirini ya moyo kila siku. Aiache?

Muuguzi wa Zamu

Asiiache kwa uamuzi wenu. Mwambieni anayefanya biopsi leo hii, naye azungumze na daktari wa moyo. Wao ndio watakaosema aache au aendelee, na kama ni kuacha, lini. Mpelekee orodha ya dawa zote, hata za kununua dukani. Na kama anameza diklofenaki au ibuprofeni kwa yale maumivu ya mbavu, itajeni hiyo kwanza, kwa sababu inaumiza figo zilizokwisha kuchoka.