Datsun 240Z ya kumodifai: hp ngapi zinatosha kweli?

GiaYaTano:
Wakuu habari zenu. Nna Datsun 240Z ya 1972, bodi imeshanyooshwa, kutu yote imekatwa, sa hivi ipo juu ya stendi haina injini na hapa ndo nimekwama. Kila nikiongea na mtu ananitajia namba yake. Mmoja anasema hp (nguvu za farasi) 200 zinatosha sana, mwingine anasema kama hufiki 400 bora uiache stendadi ilale zake. Injini ya asili ni L24, lita 2.4, silinda sita za mstari, makaratasi ya zamani yanasema 151 hp.

Nilichonacho mezani ni hivi: nijenge L28, ndugu mkubwa wa hiyo L24, iwe lita 3.1 na kabureta tatu, au nipandikize RB25DET yenye turbo, halafu kuna jamaa ana LS1, V8 ya lita 5.7, ananisukumia kila siku. Gari naitaka ya wikiendi, safari ndefu kidogo, na mara moja moja kuingia traki kujifurahisha, si kushindana na mtu. Sitaki gari ambayo mvua ikinyesha naanza kusali. Sasa siulizi injini ipi nzuri, najua hapo mtagombana mpaka kesho. Nauliza gari yenye uzito huu inahitaji hp ngapi, na je kuna namna ya kupiga hesabu au ni kila mtu na moyo wake?

ChumaMzito:
400. Tumemaliza.

Serious mkuu, hp hazijawahi kumzidi mtu, mguu ni wa kwako na pedeli ni ya kwako, unakanyaga kiasi unachotaka. Hiyo LS1 iliingia kwenye Corvette ya 1997 ikiwa na 345 hp bila kuguswa, bloku ni ya aluminiamu kwahiyo uzito wake hauachani sana na hiyo silinda sita yako ya chuma, badili kamshafti na egzosi vizuri 400 hizo hapo na injini haijachoka. Ukijenga 200 leo utafurahi mwezi wa kwanza, ukishazizoea unaanza kufungua injini upya. Bora uumie mara moja.

Spana_17:
Hesabu ipo tena si ngumu, ila watu hawaipendi kwa sababu inatoa namba ndogo.

Kinachosukuma gari ni tairi, injini inatoa ombi tu. Tuchukue gari ni kilo 1,100 ukiwa umekaa ndani. Ukikanyaga uzito unahamia nyuma, tuseme matairi mawili ya nyuma yanabeba asilimia 60, hiyo ni kilo 660. Tairi zuri la barabarani kwenye lami kavu linaweza kusukuma kwa nguvu inayokaribiana na uzito uliolikalia, kwahiyo unapata kama nyutoni 6,500. Huo ndo mwisho wa msukumo wa gari yako, hata ufunge injini ya ndege.

Sasa nguvu ni msukumo mara spidi. Ukiwa 60 km/h, 6,500 hizo ni kilowati 108, yaani kama 145 hp basi. Ukiwa 100 km/h ni kilowati 180, sawa na 240 hp. Na hizo ni hp za kwenye tairi. Giaboksi, propela shafti na difu vinakula kitu kama asilimia 15 njiani, kwahiyo kwenye injini ni kama 285. Maana yake nini, maana yake chini ya 100 km/h kila hp inayozidi 285 kazi yake ni kuchoma tairi. Unasikia kelele, unaona moshi, gari inaenda pembeni na mtu wa nje anadhani ina spidi.

Mvua uliyoisema, gripu ikishuka nusu kata kila namba hapo juu kwa nusu. 100 km/h kwenye maji unabaki na 120 hp za kwenye tairi zenye kazi.

Halafu angalizo kuhusu hiyo 151 yako: ni gross, walikuwa wanapima injini ikiwa kwenye stendi haijafungwa vitu vyake vyote vinavyoinyonya nguvu. Marekani walianza kuhamia kwenye net, yaani injini inapimwa ikiwa imefungwa vitu vyake vyote, mwaka 1972 na magari yakaonekana yamepoteza nguvu usiku mmoja wakati injini ni zile zile. 345 ya LS1 ni net. Kwahiyo usizilinganishe hizo namba mbili ukadhani ni mita moja, na mtu akikwambia gari yake ina 300 muulize kwanza amepimia wapi, kwenye injini au kwenye tairi.

ChumaMzito:
Spana hesabu yako ni nzuri ila umeikatisha pale inapokufaa wewe. Endelea nayo. Nikiwa 180 km/h kwenye mstari mrefu wa traki, 6,500 zako zile zile zinapokea zaidi ya 430 hp kwenye tairi. Kwahiyo 400 zangu zote zina kazi, hakuna hata moja inayochoma tairi. Umenisaidia kushinda kesi, asante 😂

Spana_17:
Sikatai. Ila jamaa kasema traki ni mara moja moja. Siku zilizobaki anaishi chini ya 100 km/h.

DadaPistoni:
Naomba niingie hapa maana mnabishana kileleni wakati gari haiishi kileleni. Hp ya kwenye karatasi ni namba ya sehemu moja tu ya mizunguko, kitu unachokisikia mguuni kila dakika ni torki, ile nguvu ya kuzungusha, na inakuja vipi.

Chukua hiyo LS1. Torki yake kama Nm 475. Ifunge na giaboksi ya T56 ambayo gia ya kwanza ni 2.66, difu ya 3.54, tairi yenye nusu kipenyo ya sentimita 31, toa asilimia 15 ya Spana. Gia ya kwanza unapata msukumo wa nyutoni zaidi ya 12,000 wakati tairi linaweza 6,500. Karibu mara mbili. Gia ya pili, 1.78, bado 8,200. Gia ya tatu ndo unashuka kwenye 6,000 na hapo ndo mara ya kwanza unaweza kukanyaga mpaka chini gari ikaenda mbele badala ya kugeuka. Na hiyo ni LS1 ya stendadi, hatujafika kwenye 400 za ChumaMzito. Kwahiyo umelipia V8 nzima halafu kwenye gia mbili za kwanza unatumia nusu pedeli. Kuna watu wanapenda hivyo na siwahukumu, mlio wenyewe ni raha, ila mtu aliyesema hataki kusali kwenye mvua ajue hilo mapema.

L28 ya lita 3.1 ni tofauti kabisa. Ile wanayochukua krenki ya LD28 ya dizeli yenye stroku ya milimita 83 na pistoni za 89, inakuja taratibu, unaikanyaga yote na inakuongezea kadri mizunguko inavyopanda, unakuwa na muda wa kujua nini kinafuata. Ikijengwa vizuri na kabureta tatu inafika 230 mpaka 250 hivi. RB25DET ipo katikati, kwenye Skyline R33 ilitoka kiwandani na kama 250 hp, shida yake ndogo ni turbo, chini ipo kimya kidogo halafu inaamka, na ikiamka katikati ya kona kwenye gari fupi nyepesi unahitaji mikono. Turbo dogo linaloamka mapema na busti (presha ya hewa ya turbo) ndogo linalimaliza hilo kwa kiasi kikubwa.

Mimi kwa matumizi uliyoyaandika ningelenga 220 mpaka 260 kwenye injini nikaacha hapo. Uzito wa kilo 1,100 na 250 hp ni kilo 4.4 kwa kila hp moja. Hiyo si gari ya mzaha.

KamaUpepo:
250 kwenye chuma cha kilo 1,100 ni utani wapendwa? Sedani za familia za siku hizi zinagusa hizo namba

DadaPistoni:
@KamaUpepo sedani hiyo ina kilo ngapi? Mara nyingi 1,600 na zaidi, kompyuta inashika tairi kila sekunde na tairi lenyewe ni pana. Hapa hakuna kompyuta, hakuna ABS, mlango mwembamba na wewe.

Mzee_wa_Kabureta:
Vijana mmeongea vizuri lakini mmeruka kitu kinachoua watu, breki.

Gari hii imetoka kiwandani na diski mbele na drumu nyuma, matairi upana wa 175. Breki kazi yake ni kula nishati na nishati inakwenda kwa mraba wa spidi, kwahiyo ukizoea kufika mwisho wa mstari na 180 badala ya 130 breki zako zinakula karibu mara mbili kila kona, si asilimia arobaini kama mtu anavyodhani kwa haraka. ChumaMzito kaongelea mstari mrefu ila hajaongelea unapoisha. Na pua ya hii gari inajulikana ikienda kasi inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, ndo maana watu wanafunga spoila ya chini mbele, si urembo.

Angalieni waliotengeneza magari haya wenyewe walifanya nini walipoongeza nguvu. Cobra ilipopewa injini ya lita 7 mwaka 1965 hawakuitupia kwenye chesisi ya zamani, mabomba makuu ya chesisi yalitoka inchi 3 yakawa 4 na springi za majani zikatolewa zikawekwa za koili. Porsche 911 Turbo ilianza 1975 na 260 hp, walipoipandisha kufika 300 mwaka 1978 wakaifunga breki zilizotokana na gari lao la mashindano la 917. Hao ni watu wenye mainjinia na viwanja vya kujaribia, wameongeza hp 40 na bado wakabadili breki. Sisi tunataka kuongeza 250 na kubadili egzosi.

Na kwa faida ya wanaosema bila 400 gari haina heshima, 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na ikarudia 1973. Zile hazikuwa gari za 400. Zilikuwa gari zinazofika.

Kijana mwenye gari, ushauri wangu pangilia hivi: anza na breki, shokapu, bushi zote mpya na matairi. Angalia na bodi pale shokapu za mbele na nyuma zinapokaa, maana hii ni bati tupu hakuna chesisi chini, kama fundi wa kutu aliacha mahali utapaona pamepasuka. Ukimaliza hayo ndo useme unataka hp ngapi, mara nyingi namba inashuka yenyewe.

ChumaMzito:
Mzee heshima yako, kwenye breki sina ubishi, hata mimi sijawahi kumshauri mtu afunge V8 aache drumu. Ila mjue pia hp nyingi zikiwa zimetulia si lazima zikuue, injini kubwa isiyokamuliwa inadumu kuliko ndogo iliyokamuliwa. L28 ya 250 yenye kabureta tatu ni injini iliyobanwa, kila msimu unazicheza zile kabureta, joto likibadilika mlio unabadilika. LS1 unawasha unaenda.

DadaPistoni:
Hilo ni kweli, siwezi kulikataa. Ila unaweza kufunga injekta kwenye hiyo L28, throto sita na kompyuta yake, uwashaji unakuwa kama wa gari ya kawaida. Unapoteza ule mvumo wa kabureta kidogo, na kwa wengine mvumo ndo sababu nzima ya kununua gari.

Spana_17:
Kitu kingine, RB unaweza kuipangia busti kwa gia. Gia ya kwanza na ya pili busti ndogo, ya tatu kwenda juu unaifungulia. Kwa hesabu ya DadaPistoni ndo dawa yenyewe, unaishi na 200 mjini na 300 kwenye mstari wa ChumaMzito. Siku ya mvua unaishusha yote.

GiaYaTano:
Aisee nimesoma yote mara mbili. Spana na dada mmenipa kitu ambacho miaka yote sijawahi kukisikia kijiweni, huko ni namba tu hakuna anayesema inatoka wapi. LS1 naitoa mezani, jamaa yangu atanuna ila kugonga mwisho wa gripu mpaka gia ya pili sioni raha yake kwangu. Nimebaki na L28 ya injekta au RB25 yenye busti ndogo, vyote nailenga 250 kwenye injini. Mzee breki naanza nazo, tayari nimeshapata kalipa kubwa za mbele na diski za nyuma, matairi nitaenda 225 kama yataingia bila kukata fenda.

Swali la mwisho, nina difu ya R180 iliyokuja na gari. Inatosha kwa 250 au nayo itoke?

Mzee_wa_Kabureta:
Kwa L28 inayokuja taratibu R180 itavumilia, ila uache tabia ya kuachia klachi ghafla ukiwa kwenye mizunguko ya juu. Kwa RB usisumbuke nayo, tafuta R200, difu kubwa zaidi ya kwenye 280Z. Ukiipata chukua na ule mhimili wa nyuma unaoibeba difu kwa sababu wa R180 matundu yake hayaendani, na mshikio wa mbele pia uangalie kabla hujalipa.