Nataka kuacha kazi ya mjini niende shamba la njugu na mboga Kilifi, nishaurini kabla sijalipa

Abuu_Tudor

Assalaam aleikum wote na habari za jioni. Naombeni ushauri, na wale wa kucheka wacheke kwanza wamalize halafu wanijibu.

Mimi nna miaka 41, klia na fowadi (kutoa mizigo ya watu bandarini) hapa mjini Mombasa mwaka wa 14 sasa, na kusema kweli tangu makontena yaanze kupakiwa treni moja kwa moja kwenda Nairobi hii kazi imekuwa ya kubahatisha, mwezi huu wapata faili kumi mwezi ujao mbili, na bosi akikupa nusu mshahara hata haoni haya. Nyumba twapanga Tudor ghorofa ya tatu, mfereji watoa maji ukijisikia, siku nyingine zote ni mitungi ya mkokoteni na yule kijana kupanda ngazi yuataka pesa yake kando. Nshachoka.

Kilichonitia wazimu ni mavideo. Kuna watu kule Texas Marekani wameacha kazi za mjini wako na vishamba vyao vya pekani, zile njugu ndefu ndefu wanazotia kwenye keki, pembeni wana mboga na kuku, Jumamosi watoa meza barabarani wauza wenyewe. Nikiangalia usiku najiona mimi pale.

Basi nimeonyeshwa ekari 3 Tezo, ukiacha barabara ya Malindi waingia ndani kwa boda kama dakika ishirini. Ina mikorosho ya zamani kama 40 na minazi michache, kisima hakuna. Muuzaji ana hati kwa jina lake nimeishika kwa mkono. Pesa yangu ya sako ya miaka 11 yatosha shamba na yabaki kidogo. Mpango wangu ni ekari mbili nipande pekani 200, ekari moja mboga. Mke hataki kusikia, aniambia wewe hata asmini ya kopo ilikufia barazani wataka kuzika pesa zetu Tezo.

Je pekani zaota pwani? Na mboga za ekari moja zaweza kulisha watu watano mpaka miti izae? Na kipi sijauliza?

Kidogo nisahau, siku nlipoenda nilimkuta mzee mmoja na mjukuu wake waokota korosho chini ya miti. Muuzaji akasema ni jirani tu, huwa yuaokota kila msimu. Nikamsalimia tukaendelea.

Kijana_wa_Kisauni

Kwa hivyo wakimbia foleni ya daraja la Nyali waenda kupanga foleni Kongowea saa tisa usiku na gunia la biringanya kichwani. Karibu sana ami.

Wa_Njoro

Boss pekani wachana nayo kabisa. Hiyo mti inataka baridi ya ukweli, ile ya winta, inamwaga majani yote inalala, ikiamka ndio inatoa maua. Texas wako nayo baridi hiyo, hata ndio mti rasmi ya jimbo lao. Sasa Kilifi utatoa wapi, Julai mkivaa sweta bado usiku ni nyuzi 20 na kitu. Utapanda itaota iwe kijani iwe nzuri ukae chini yake upige picha. Na usije ukaruka kwa makadamia pia maana najua hiyo ndio swali yako inafuata, hiyo ni ya huku juu, Murang'a, Embu, Meru. Nati ya kwenu ni korosho, iliwaletea Mreno kutoka Brazili mkamaliza miaka mia nne mnaikalia. Shamba ina mikorosho 40 na unauliza upande nini!

Mama_Bamia

Kaka Abuu, mimi nlikuwa nahesabu pesa za watu kwenye hoteli moja Diani, nikatoka, mwaka wa sita sasa niko ekari moja na nusu upande wa Ng'ombeni. Kwa hivyo nakujibu hilo la mboga, la miti waachie wenyewe.

Hujasema lolote kuhusu maji. Umesema tu kisima hakuna ukapita kama vile umesema geti halina rangi. Mimi cha kwanza nlichimba kisima, mafundi siku tisa wapasua matumbawe, maji yakatoka tukapiga vigelegele, nikapanda mchicha nikamwagilia. Wiki ya pili majani yakaanza kuungua kwenye kingo, kwanza ukingo tu kama umepitishwa moto wa kiberiti, halafu rangi yapotea kati. Mimi natia maji zaidi nikidhani ni jua. Siku moja fundi akanywa yale maji akatema. Chumvi. Na si kwamba niko ufuoni, bahari siioni kutoka kwangu. Kwa hivyo kabla hujamlipa mtu, nenda kwa majirani wenye visima omba chupa moja moja, peleka yapimwe chumvi, na uulize Februari chafika kina gani maana kisima cha Juni kila mtu anacho.

Hapo kwenye Februari ndipo pesa ilipo pia. Mvua ya masika Aprili mpaka Juni mchicha waota hadi kwenye mtaro, fungu unalibeba unalirudisha nalo. Ikija kaskazi, Januari hadi Machi, jua kali hakuna kitu, ndio bei yapanda, lakini ni ya yule mwenye maji tu. Mimi nna tangi la lita elfu kumi, pampu ya sola, na dripu (mipira ya kumwagilia matone) nusu ekari. Usilime ekari nzima. Nusu ekari yenye maji yakushinda wewe wa ofisini mgongo utakwambia.

Mchicha wiki ya tatu ya nne wang'oa wauza. Kunde za majani mwezi mmoja waanza kuchuma. Bamia karibu miezi miwili, na ikianza hiyo haina Jumapili haina Idi, kila baada ya siku moja uko nayo, ukilala siku tatu imekomaa imekuwa kamba na mama wa mjini hadanganyiki, akamata ncha aivunja, isipovunjika tap akurudishia. Mchanga wa kwetu unakula samadi kama mtoto wa kunyonya, tafuta wafugaji upande wa Ganze ununue kwa lori si kwa gunia. Nyanya niliacha, mnyauko uliniua, jana mti mzima leo umelala na majani bado ya kijani.

Soko usianze na Kongowea. Pale washindana na malori ya Taveta na Loitoktok, dalali akuangalia viatu ajua wewe ni mpya. Mimi nauza magorofani, akina mama 30 kwenye simu, alfajiri tuktuk yapita, mchunga na mnavu ndio watakayo zaidi kuliko hata sukuma. Wewe Tudor unayo tayari magorofa, hao majirani zako wa mitungi ndio wateja wako.

Watu watano mwaka wa kwanza mboga hazitalisha. Mwaka wa pili zitalisha kama mke yuko nawe. Kama hayuko usitoke kazini.

Mchonyi_Halisi

Mama Bamia amemaliza la maji mimi nna mawili.

La kwanza miti. 200 kwa ekari mbili ungekuwa unapanda mahindi? Mkorosho wataka mita 12 kwa 12, ekari moja yaingia kama 28, ukibana sana mita 10 ndio 40. Matawi yakigusana hamna maua mle ndani. Hiyo ya zamani usiikate, punguza matawi makavu na ya chini hewa ipite, halafu pale palipo wazi tia miche ya kupandikizwa, ile iliyoungwa kikonyo cha mti mzuri, nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO pale Mtwapa uwaulize wana aina gani, usiokote mbegu chini ya mti wowote. Ya kupandikizwa mwaka wa tatu waona korosho za kwanza, ile ya mbegu utangoja na haijui itazaa nini. Miaka hiyo ya mwanzo katikati tia kunde na muhogo. Maua yakitoka baada ya kusi kupoa ndio kazi, ugonjwa wa ubwiri unga ukiingia maua yawa kama yamemwagiwa unga wa ngano halafu yanyauka, salfa upulize alfajiri umande bado uko na upepo umetulia, na yule mdudu aitwaye mbu wa mikorosho naye yuafyonza machipukizi mpaka yawa meusi. Mti mkubwa usiotunzwa ukikupa kilo tatu nne shukuru. Na kilo nne tano za mbichi ndio kilo moja ya kula, kwa hivyo usihesabu bei ya pakiti ya supamaketi ukadhani ndio yako. Tangu 2009 sheria imekataza kuuza nje korosho ikiwa mbichi, kwa hivyo lazima ibanguliwe hapa, na kubangua si mchezo, sisi tukiwa wadogo tukikaanga kwenye debe la matundu likishika moto twalipindua mchangani, mafuta ya lile ganda yakikurukia ngozi yababuka yatoka kama ya nyoka. Mimi nna alama mpaka leo kidole cha shahada.

La pili ndilo kubwa na wewe umeliandika mwisho baada ya kusahau. Huyo mzee.

Ndugu yangu, jirani hapiti akaokota korosho kila msimu kwenye shamba la mtu na mjukuu mchana kweupe na mwenye shamba amesimama. Kwetu huku ardhi yaweza kuwa ya huyu na miti ya yule. Aliyepanda ndiye mwenye mti, na watoto wake. Watu waweka minazi rehani na ardhi haimo, wauza miti ardhi yabaki, wauza ardhi miti yabaki. Hilo hulioni kwenye hati. Nenda peke yako bila muuzaji, chukua sukari na majani, keti naye, umuulize kwa adabu mti upi alipanda nani.

Karani_wa_Sheria

Mchonyi unamchanganya mtu. Kisheria kilichoota ardhini ni cha ardhi, hati ikishaandikwa jina ndiyo yenye nguvu, mila kuishinda si rahisi. Abuu fanya sachi (kuangalia hati kwenye rejista ya ardhi) mwenyewe usipewe karatasi na muuzaji, hakikisha mke wa muuzaji amekubali kwa maandishi, na kwa kuwa ni ardhi ya kilimo lazima muende bodi ya ardhi. Sheria yawapa miezi 6 toka mkiandikiana kuomba idhini, mkikaa kimya ikapita ule mkataba ni karatasi ya maandazi. Huyo mzee akisumbua ni kesi ndogo sana.

Mchonyi_Halisi

Sawa wakili. Kesi ndogo ashinde. Ikifika usiku nani alala Tezo na miche, wewe au hukumu?

Karani_wa_Sheria

Sijasema asiende kumsalimia. Nimesema sheria ni ipi.

Kijana_wa_Kisauni

Nyie malizeni mimi nipo kwa pakiti ya korosho hapa

Abuu_Tudor *(wiki mbili baadaye)*

Nimerudi. Samahani nlinyamaza, nlikuwa naona haya kidogo ya zile pekani 200.

Nlienda Jumapili peke yangu. Sukari kilo mbili, majani, na mkate. Mzee akanikalisha kwenye kigogo, hakuuliza nataka nini, tukazungumza habari za mvua mpaka chai ikaisha. Halafu akainuka mwenyewe akasema haya twende. Akanizungusha mti kwa mti. Miti 13 ni ya babake, alipanda yeye kabla huyo babake muuzaji hajafika hapo, na kila mmoja una kovu la panga upande wa jua litokako, kovu la zamani limefunga limevimba kama mdomo. Nlipita pale mara mbili na muuzaji sikuliona hata moja. Iliyobaki 27 akasema ni yao wale, sina neno nayo.

Nikamuuliza muuzaji kwa simu, akanyamaza, akasema hayo ni mambo ya wazee. Nikamwambia basi tukaketi na wazee. Tumeketi. Mbele ya mzee wa mtaa tumeandika kwamba miti 13 mzee aendelea kuokota maisha yake, akitangulia nawalipa watoto bei ya mti kwa mti tumeitaja, na muuzaji amepunguza bei ya shamba si kidogo. Karani nashukuru, sachi nimefanya iko safi, bodi tumeomba. Kisima cha jirani nimepima, kile cha karibu kina chumvi, cha yule wa juu bondeni kizuri, kwa hivyo ntachimba upande huo. Kazi siachi mpaka nione maji kwa macho yangu, na mboga naanza robo ekari Mama Bamia usinicheke.

Wakati naondoka mzee akaniuliza, wewe wajua kupanda? Nikasema sijui. Akaangalia viatu vyangu vya ofisini akasema njoo Jumamosi, na usije na hivyo.

Mke wangu yuasema naye yuaja, si kulima, kumuona huyo mzee. Sasa mabuti ya mpira namba 43 na namba 38 yauzwa wapi kwa bei ya binadamu?

Mama_Bamia

Kongowea, upande wa mitumba. Hilo la 38 chukua 39, avae na soksi.