Anayemdhulumu kibarua ujira wake, kanisa lipokee sadaka yake?

MLETA MADA
Habari zenu ndugu. Niliwahi kupiga rangi nyumba ya mzee wa kanisa, siku nane. Malipo yalikuja kwa mafungu na fungu la mwisho halijafika mpaka leo. Kila nikiuliza naambiwa "Mungu ni mwema, subiri kidogo." Jumapili moja nikasikia akitangazwa kwa mchango wake mkubwa, watu wakapiga makofi. Nikajisemea: sehemu ya hayo makofi ni yangu.

Wakati wa zaka tunasomewa Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani." Rudini nyuma mistari mitano tu. Malaki 3:5 Mungu anasema atakuwa shahidi dhidi ya wachawi, wazinzi na waapao kwa uongo, na kwenye orodha hiyohiyo yumo anayemwonea mfanyakazi katika mshahara wake. Ukurasa ni uleule. Sijawahi kusikia ukihubiriwa hadi hapo.

Hoja yangu: sadaka ya mtu wa namna hiyo irudishwe, akalipe kwanza. Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI WA 1
Pole mkuu, ila unataka mchungaji awe mkusanya madeni? Hana daftari la nani anamdai nani. Na Yesu alishasema ngano na magugu viachwe vikue pamoja mpaka mavuno (Mathayo 13). Tukianza kuchuja, viti vitabaki vitupu, na chako kikiwemo.

MLETA MADA
Sawa. Sasa niambie, binti wa kwaya akipata mimba kabla ya ndoa, mavuno husubiriwa? Wiki hiyohiyo katengwa, jina limesomwa. Magugu tunayakumbuka likija suala la mwenye fedha. Mimi nakubali kanisa lisimtenge mtu. Lakini kama linatenga, lisichague dhambi za wanyonge.

MCHANGIAJI WA 2
Hilo la binti limenichoma, tusilipite haraka.

Ila kusema kanisa haliwezi si kweli, lilishaweza. Mwaka 390, baada ya askari wa mfalme Theodosius kuua watu wengi Thesalonike, askofu Ambrose wa Milan alimwandikia kwamba hathubutu kuadhimisha Ekaristi akiwepo, mpaka atubu. Huyo alikuwa mfalme wa Roma, si mzee wa kanisa mwenye gari. Na akatubu mbele ya watu.

MCHANGIAJI WA 1
Ambrose alikuwa na ushahidi, dunia nzima ilijua. Deni la rangi ni neno la mtu dhidi ya neno la mtu. Leo utamrudishia sadaka mtu aliyesingiziwa.

MCHANGIAJI WA 3
Ndiyo maana Mathayo 5:23-24 haimpi mchungaji kazi hiyo. Inamwambia mtoaji mwenyewe: ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, nenda. Zakayo naye hakuchunguzwa na kamati. Alisimama akasema nusu ya mali kwa maskini, na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne (Luka 19). Alitaja hesabu. Ushuhuda wa siku hizi hauna hesabu: "niliishi maisha mabaya, sasa nimeokoka," basi. Uliowaibia wanasubiri nje.

MCHANGIAJI WA 4
Nimesoma kimya tangu asubuhi, acha nami niseme. Niliwahi kumcheleweshea dada wa kazi mshahara miezi miwili ili nimalize ahadi yangu ya ujenzi wa kanisa. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa jina langu lisomwe kati ya waliobaki nyuma. Nilimlipa baadaye, ndiyo, lakini usiku ule nilipotangazwa nimekamilisha ahadi, yeye ndiye aliyenifungulia mlango na kunipokea Biblia. Hakuwa na mahali pa kulisoma jina langu kama mdaiwa wake.