Tupeane uzoefu: siku yako ya kutazama ndege pwani, mwanzo wa machipuko

#1
Wakuu, baridi haijaisha lakini ndege wa pwani wameshaanza kujiandaa na safari ya kaskazini. Aliyewahi kushinda ufukweni na darubini atupe simulizi yake. Naanza mimi.

Nilifika alfajiri, maji yamekupwa mbali. Ndege walikuwa vidoadoa tu kwenye tope. Sikuwafuata. Nilikaa nyuma ya jiwe, upepo mgongoni, nikangoja maji yajae. Baada ya saa mbili yalikuwa yamewasukuma hadi hatua kama 20 kutoka nilipo! Vitwitwi wengine, wale ndege wadogo wa ufukweni, walikuwa nusu kijivu, nusu wekundu wa tofali, manyoya ya kiangazi yakichomoza moja moja. Sululu mmoja, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, alizamisha mdomo wote mpaka uso ukagusa tope, akavuta mnyoo polepole usije ukakatika. Chai yangu ilipoa bila kuguswa.

#2
Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi walinishinda kuwatambua wale vitwitwi weupe wanaokimbizana na mawimbi. Walipohama niliinama kutazama nyayo: vidole vitatu vya mbele, cha nyuma hakuna. Kitabu kikamaliza ubishi, jina lao la kisayansi ni Calidris alba. Wenzake wa jamii hiyo wanacho kidole cha nyuma, yeye hana.

#3
Yangu inaniuma hadi leo. Nilimfungulia mbwa maji yakiwa yamejaa. Akalirusha kundi zima, likatua, akalirusha tena, mara nne. Mzee mmoja mwenye darubini ya miguu mitatu akaniita, akanieleza kwa upole: maji yakijaa, tope lao la kulia limefunikwa, ndiyo saa yao ya kupumzika. Kila wakirushwa wanachoma mafuta ya mwilini waliyoweka kwa ajili ya safari. Na mafuta hayo ndiyo kila kitu kwao. Mwaka 2022 kinda wa miezi 5 hivi, wa jamaa ya sululu, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua. Siku hizi mbwa wangu anashuka garini akiwa na kamba shingoni.

#4
Pole mkuu, na asante kwa kusema ukweli. Yangu ni ya wiki chache baadaye, machipuko yamekolea. Upepo wa kaskazini ulikuwa umevuma siku tatu, jioni ile ukageuka kusini. Kundi lililokuwa kimya likaanza kuitana, likapanda, likajipanga mstari na kuelekea kaskazini huku jua linazama. Niliendelea kuwasikia hata baada ya kutowaona. Kesho yake nilirudi mapema: tope tupu, nyayo kila mahali.